Mshenga Aliyemjia Eritier

Louisville, mwezi wa tano 2016

Dada yangu Faida,

Nakusalimu katika Bwana, wewe na wote wanaokuzunguka hapo Uvira. Magoti yako yanaendeleaje? Na ule mlango wa nyuma, umepata fundi au bado unaufunga kwa jiwe? Sisi huku Highview tu wazima. Mke wangu amehamishiwa zamu ya mchana kule anakotunza wazee, kwa hiyo siku hizi tunaonana uso kwa uso, na bado tunapendana.

Barua hii anakuletea mama mchungaji kwa mkono wake. Sikutaka simu, maana simu yako ina masikio ya mtaa mzima, na mtaa mzima, nasikia, umekwisha kumwona mwanao Eritier akicheza na wale wakubwa wanaolipwa. Mimi ninayeishi huku bado sijamwona. Keti kwanza, ndipo usome.

Uliniuliza, "Safari, mwanangu atachukuliwa au hatachukuliwa?" Mji huu una makanisa mengi, dada, lakini dini yake ni basket, huo mpira wa kikapu. Pale bohari ninapofanya kazi, tukipumzika, hakuna anayeongea jambo lingine. Nisingejifunza ningekuwa nakula peke yangu. Basi nimejifunza. Kila mwaka, mwezi wa sita, timu zinazolipa hukaa na kuchagua vijana, majina sitini tu, kutoka dunia nzima. Kijana wa chuo anaruhusiwa kuandikisha jina, akapimwa, kisha akaliondoa na kurudi chuoni, mradi asiwe amejifunga na wakala wa kumtafutia timu. Eritier ameandikisha. Siku ya mwisho ya kuliondoa inakaribia. Mama mchungaji akikufikia, zitakuwa zimebaki siku chache.

Mwezi uliopita nilikwenda Columbus, anakosoma, kumtazama. Nililala katika chumba anachopanga Clintonville, miguu yangu mlangoni, yake dirishani. Kesho yake walikuja watu wa timu. Unakumbuka mnada wa ng'ombe kule milimani, baba alivyokuwa akifungua kinywa cha ndama? Ndivyo hivyo. Walimpima urefu bila viatu, wakampima mikono, wakamminya ngozi kutafuta mafuta. Mafuta hawakuyapata, anajipikia mwenyewe.

Mwanao ni meneur, yule anayeleta mpira na kuwagawia wenzake. Jicho alipewa na Mungu: anampa mtu mpira kabla mwenyewe hajajua kwamba yuko wazi. Mbio anazo. Lakini ni mfupi kwa kazi ile, na meneur mfupi ni lazima afunge kutoka mbali, na mipira yake ya mbali inaingia kama mvua ya mwezi wa saba. Mkono wa kushoto ni mgeni mwilini mwake. Akibanwa huenda kulia, na hata muuza bisi pale mlangoni anajua kwamba ataenda kulia. Karibu yangu alikaa mzee wa timu mmoja, kalamu sikioni. Nikamuuliza anamwonaje. Akasema, "Mwaka ujao," akarudi kunyonya pipi yake.

Hukumu yangu ni hiyohiyo. Mwaka huu jina lake halitasomwa. Akibaki chuoni mwaka mmoja, akaufundisha ule mkono, yawezekana. Nasema yawezekana tu.

Bon. Ingekuwa ni hilo peke yake, ningekutumia salamu nikanyamaza. Usingizi wangu umeibiwa na jambo la Buffalo.

Wakala mmoja, kijana wa viatu vinavyong'aa, alisikia kwamba kwetu mkubwa wa ukoo ndiye mwenye neno. Akamfuata Kaka Yeremia kwake Tonawanda, kando ya Buffalo. Na kaka akampokea kama mshenga! Alivaa ile suti ya harusi yake. Shemeji akapika sombe na mbuzi. Kaka akahutubia kwa Kiswahili, mtoto wake akitafsiri sentensi alizozipenda. Mwishoni mgeni akatoa kitu cha kufungulia mazungumzo: televisheni, pana kama meza ya Bwana. Kaka akaipokea kwa mikono miwili kama desturi inavyotaka, ila ilibidi shemeji aongeze yake.

Kwetu, unajua, kupokea hivyo ni kusema tu, "Tumekusikia, rudi tena tuongee." Binti anaweza kukataa hata kesho. Huku sivyo. Ndugu wa mchezaji akipokea kitu cha wakala, kijana anaweza kukatazwa kuchezea chuo chake. Akikatazwa, na timu zisimchukue, atakuwa hana huku wala kule.

Nilikwenda mpaka Tonawanda. Nikaikuta ukutani, watoto wanatazama katuni.

"Kaka, hii lazima irudi."

"Irudi wapi? Posa ni sahani ya jirani?"

"Hii si posa."

"Mtu amekuja kwangu, amekula, ameleta kitu, anataka mtoto wetu. Kwenu hiyo inaitwa nini?"

"Watamzuia kucheza, kaka."

"Weye unajua nini? Unabeba makartoni."

"Na wewe unachomelea vyuma. Donc, umeanza lini kuoza wanaume?"

Shemeji alicheka jikoni. Kaka hakucheka. Alisema posa iliyopokelewa na mkubwa haivunjwi na mdogo, na hapo, dada, desturi iko upande wake. Anayeweza kuivunja ni mama mzazi. "Faida akisema hapana," akaniambia, "nitaishusha ukutani mimi mwenyewe."

Nikarudi kwa njia ya Columbus. Nikamuuliza mwalimu wa mpira wa Eritier. Akasema tukiirudisha, na tukaungama wenyewe kabla hatujashtakiwa, huenda wakamkalisha mechi kadhaa bila kumfukuza. Hakuniahidi.

Kisha nikamuuliza Eritier haraka hii ni ya nini. Kila siku ananijibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alijibu kwa Kiswahili chetu.

"Mjomba, mkono wangu wa kushoto naujua. Lakini mama anangoja kuja huku tangu nikiwa mtoto. Nikisaini, hata timu ndogo ya nchi nyingine, nitamwekea mwanasheria wa kumleta." Akafunga kamba za viatu zilizokuwa zimefungwa tayari. "Bado anafunga mlango kwa jiwe?"

Ndiyo sababu nimekuuliza pale juu.

Najua ninachokuomba, dada. Mwanao anakimbia kwa ajili yako, nami ninayelala nyuma ya kufuli nakuomba umwambie asikimbie. Piga simu mbili. Ya kwanza kwa kaka: sema hapana, kwa sauti, mtaa wote usikie. Ya pili kwa Eritier, na hiyo toka nje upige peke yako. Mwambie unaweza kungoja. Kama huwezi, usimdanganye. Niambie mimi, nami sitakulaumu.

Nisalimie shangazi muuza samaki wa ndagala, na yule jirani mwenye redio, na wanakwaya wote waliokwisha kumtungia Eritier wimbo. Waambie wautunze, usiimbwe bado.

Kaka ana gari dogo. Langu nimekwisha kulipima: viti vya nyuma vikilazwa, televisheni inaingia. Nangoja neno lako tu.

Ni mimi mdogo wako, mtoto wa tumbo moja nawe,
Safari