Mkono wa Upande wa Pili wa Ua

Baba yangu, shikamoo.

Leo hapa Butiama Shangazi amenifundisha kulaza ua wa michongoma. Unakata shina karibu lote, unaacha ganda na nyama kidogo, halafu unaliinamisha polepole na kulisuka na mengine. Nilipiga kelele nikidhani ua wa Babu unakufa. "Unachipukaga huu," akasema. "Kata wewe!"

Shina ni zito, kwa hiyo lazima mtu alipokee upande wa pili. Nilikuwa naona mkono tu, umejaa mikwaruzo ya miiba, nikadhani ni wa jirani. Ua ukashuka mpaka kifuani, nikaona uso. Baba, ni uso wako! Panga likaniponyoka.

"Mimi ni baba yako mkubwa," akasema.

Wewe ulituambiaga alishakufa! Shangazi hata hakugeuka, akaendelea kukata.

Tumekula sato na ugali wa muhogo, sahani moja. Nimekukasirikia, na nimekukumbuka sana. Baba mkubwa anakusalimu. Anasema ua sasa ni mfupi, ukija mtaonana hata kama hutaki.

Mwanao,
Nyangeta