Kukwama Mbele ya Waandishi

Jumamosi. Jua la Dar limewaka tangu asubuhi, na mimi nimewaka kulishinda. Sijapika, sijavua hata nguo za kutokea.

Nawachukia waandishi wa vitabu. Nimeandika hivyo makusudi nione kama mkono utakataa. Haukukataa.

Redio imetangaza wiki nzima: mkutano wa waandishi, na maonyesho ya vitabu, wasomaji wote mnakaribishwa. Wasomaji wote! Mimi nauza nazi sokoni Kariakoo, lakini kama msomaji ni mtu, basi ni mimi. Nilianza kisomo cha watu wazima sijui kuandika hata jina langu, nikamaliza hatua ya nne, na tangu hapo hakuna karatasi inayonipita. Hata gazeti lililofungiwa vitumbua nalikunjua nalisoma kwanza, na mafuta yake.

Nilikuwa na swali moja. Kuna mwandishi ambaye riwaya yake nimeisoma mara nne. Ndani yake yumo mama muuza mboga, mumewe anamchomea moto kibanda, na mwishoni mwandishi anamrudisha mama wa watu kwa mwanamume huyo huyo, eti anaingia ndani anatabasamu. Mume wangu mimi aliipiga teke meza yangu ya nazi mbele ya soko zima, na sikurudi. Nilitaka kumuuliza ana kwa ana kwa nini alimrudisha. Hilo tu.

Nikamchukua Mwajuma, jirani yangu wa nyumbani na wa sokoni, anayekaanga maandazi. Mwajuma bado yuko kisomo, mwaka wa tatu huu, na anasoma kwa taabu.

"Dada, na mimi ni msomaji?" aliniuliza.

Nikamwambia tena sana. Akatoa kanga mpya, doti nzima, akajifunga.

Nje ya ukumbi vitabu vimepangwa juu ya meza ndefu zenye vitambaa vyeupe. Nikanyoosha mkono nichukue kimoja. Msichana wa mezani akakivuta kwake, akasema vya akina mama, vya lishe na malezi, viko kule mwisho. Nilimtazama mpaka akajifanya anapanga bahasha.

Mlangoni wakataka kadi. Kadi gani? Redio haikutaja kadi. Tukasimama pale kama waomba kazi, mpaka akaja bwana mmoja wa maandalizi, suti ya mikono mifupi, jasho linamtiririka. Akatutazama kanga, akatutazama makobazi, akauliza kama sisi ni watu wa kisomo. Kumbe mwanafunzi wao wa mfano, wa kuwasomea wageni, hakutokea. Akanipa kitabu cha kufundishia, ukurasa wa kilimo cha pamba. Nikausoma wote kwa pumzi moja.

Akakunja uso.

"Hapana, mama. Ukisoma hivyo watadhani tumeleta mwalimu. Soma polepole, ukwamekwame kidogo, wageni waone juhudi. Ukimaliza nakuketisha mbele karibu na waandishi, uliza unachotaka."

Nikakubali. Hakunishika mkono wala hakunilazimisha. Naliandika hilo wazi, maana leo nimeshawatukana watu wengi.

Shida ni kwamba nimesahau kukwama. Ukishajua kusoma, macho yanakimbia yenyewe. Kwa hiyo nikaazima. Kidole chini ya neno. Kulamba midomo. Silabi moja mara mbili, kisha kuinamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani ukutani. Pa... pa... pamba. I... i-na... Niliifanya vizuri mno. Nilipofika mwisho wa ukurasa ukumbi ukalipuka kwa makofi, wengine wamesimama.

Na yeye alikuwapo, mwandishi wangu. Aliteremka jukwaani, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yanamlengalenga.

"Mama, iko siku na wewe utasoma riwaya zangu."

Riwaya yake ilikuwa kwenye kikapu changu, nyuma ya ukumbi walikomweka Mwajuma, imefungwa gazeti isichafuke. Nikafungua mdomo. Hapo ndipo nilipoona nilichojifanyia. Mtu aliyekwama kwenye pamba mbele ya ukumbi mzima atauliza nini kuhusu sura ya mwisho ya riwaya? Nani angemwamini?

Nikasema ahsante.

Ahsante! Kisha nikakaa kwenye kiti cha mbele nilichoahidiwa, saa mbili nzima, nikiwasikiliza wakilalamika kwa zamu kwamba wananchi hawapendi kusoma.

Tulirudi kwa miguu, tukapita Mnazi Mmoja, nami nikiwatukana mmoja baada ya mwingine kuanzia yule msichana wa mezani. Mwandishi nilimbakiza mwisho, nikamtukana taratibu. Mwajuma alikuwa akibaki nyuma. Nilidhani ni jua. Tulipofika Msimbazi akasimama, akanipa kikapu changu.

"Dada, hivyo ndivyo ninavyosoma?"

Nikamwambia hapana, nilibuni tu. Uongo huo hata mtoto asingeuamini.

Akaniambia watu wa safu ya nyuma walikuwa wakicheka, wameziba midomo. Na yeye alicheka nao. Alicheka sana, akisema moyoni, masikini mama huyu ninayemwigiza, mpaka nilipoinamisha kichwa upande, ndipo akajijua.

Hakulia. Afadhali angelia, ningejua la kufanya.

Jumatatu kuna kisomo. Amesema hatakwenda tena.

Yule mwandishi naweza kumwandikia barua hata sasa hivi, anuani yake iko nyuma ya kitabu, na maneno ninayo tele. Mwajuma anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Tangu alasiri nimetoka mara mbili hadi mlangoni kwake, na mara zote mbili nimerudi bila kupiga hodi.