Alizeti Ndani ya Kisanduku cha Wajapani

Mpendwa mama,

Shikamoo. Najua huko uliko huitikii, lakini nikianza bila salamu utanuna.

Mama, bado nacheka. Wiki yangu ya kwanza kazini pale makumbusho, Singida Mjini, ulitoka Sepuka na kitenge kipya kuja kuona vyombo vya Wajapani. Sisi tuliwapelekea vikapu na vibuyu, nao wakatuletea bakuli za udongo, vipepeo vya hariri vya kujipepea na kile kisanduku cheusi, kilichopakwa utomvu wa mti mpaka kikang'aa, kikachorwa ndege wa dhahabu. Ulizunguka chumba chote, kisha ukaninong'oneza, "Mbona vitupu? Chombo cha mtu hukirudishi hivihivi."

"Havirudi, mama. Ni vya kutazama."

"Ndiyo vikae na njaa?"

Nilidhani yameisha. Nilipokwenda kupanga viti, ukafunua kisanduku ukakijaza alizeti za kukaanga kutoka mkobani mwako. Makabati ya vioo yalikuwa bado hayajafungwa. Punde yule bibi wa Kijapani aliyevileta akainua kifuniko mbele ya watu wote. Mkuu wangu aliwaka. "Nani kafanya hivi?" Akauona mkoba wako wa alizeti. "Huyu mama ni wa nani?"

Nikanyamaza, mama. Niliogopa kazi itaota mbawa, nikaangalia sakafu kana kwamba sikujui. Ukamjibu mwenyewe, "Ni mimi, mwanangu. Nimeona aibu wageni watuone wachoyo." Hukunitaja.

Mkalimani alipoeleza, yule bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Akachota alizeti, mkakaa benchi moja mkitafuna na kutemea maganda kiganjani. Hamkuelewana hata neno moja, na bado hamkuacha kuongea! Mkuu naye akaja kuomba kidogo.

Nilipokusindikiza stendi ulinishika mkono, ukazungumzia mvua tu. Sikukuomba msamaha, na mwaka jana ukatutoka.

Sasa mimi ndiye ninayetembeza wageni chumba kile. Jana walikuja wanafunzi kutoka Mwankoko. Niliwasimulia kisa cha alizeti, wakavunjika mbavu. Msichana mmoja akauliza yule mama alikuwa nani. Siku zote nimekuwa nikisema "mama mmoja wa Sepuka". Jana, mkuu akiwa amesimama mlangoni, nilisema kwa sauti kubwa, "Ni mama yangu mzazi." Watoto wakapiga makofi, nami furaha ikanijaa.

Pumzika, mama. Nisamehe kwa kimya kile.

Ni mimi, kitindamimba wako.