Sauti Uliyokuwa Ukiimba Wewe

Iowa, Aprili 9

Dada Maren,

Theluji imekwisha, na paka wako kazaa tena, safari hii ndani ya sanduku la gitaa langu. Niko mwaka wa tatu wa shahada ya tiba ya muziki. Gitaa na kuimba nimeshavuka, ila hawaniruhusu kwenda kwa wagonjwa kabla sijafaulu piano.

Jumatatu nilifanya mtihani huo. Nilipofika kwenye ile sauti ambayo kibonyezo chake ni kibovu kwenye piano ya nyumbani, niliinua kidole nikasubiri uiimbe wewe, kama tulivyozoea utotoni.

"Mbona umenyamaza hapo?" Profesa akauliza.

"Samahani, Profesa. Hapo huwa anaimba dada yangu."

"Na dada yako yuko wapi?"

Nimefeli, nitarudia Mei.

Miaka minne sasa tangu ugombane na Baba ukaondoka nyumbani. Wakaidi nyote wawili, na sikuombi umsamehe. Ila wiki iliyopita alimleta fundi aitengeneze piano yote. Fundi alipofika kwenye kibonyezo kile, Baba akamshika mkono.

"Hicho kiache," akasema. "Kina mwenyewe."

Mdogo wako anayekusubiri,
Tilda