Mlachi Nilioutangaza Umekufa

Jumapili, Septemba. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, mvua ya kwanza bado, midomo imenipasuka.

Nimetoka Parkview, mtaa wa hapa Joburg, kuangalia mti mmoja. Sijavua hata viatu, nimekaa kuandika, maana nikichelewa nitaanza kujiona mjanja, na katika habari hii sikuwa mjanja hata kidogo.

Kazi yangu, kwa asiyenijua, ni kukata miti kwenye nyua za watu. Mimi nasimama chini na kamba, Papa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi, anapanda na chenso, ule msumeno wa injini. Nimezaliwa Lushoto. Baba yangu alikuwa kibarua kwenye shamba la misindano, na nimekua nikijua jambo moja kuhusu miti yenye majani ya sindano: haipukutiki. Mialoni ya hapa Joburg hubaki mifupa kila kipupwe na hakuna anayeshtuka. Lakini msindano ukigeuka njano wote, umekufa. Baba alikuwa anautia alama ya rangi, na haukai sana unaangushwa.

Basi mwezi wa tano nikaitwa na Themba, kijana aliyekuwa ametoka tu kununua nyumba Parkview. Kulikuwa na mti mrefu wa sindano juu ya chumba cha watoto wake, na aliogopa. Sikuhitaji hata kuusogelea. Ulikuwa njano kama binzari kuanzia juu hadi chini, sindano zinamwagika kwenye vigae. Nikamwambia kwa ile sauti yangu ya kitaalamu kwamba umekufa, na upepo wa Agosti ukiukuta hapo utaingia nao chumbani. Tukapanga kuukata Julai.

Julai tuliukuta uchi kabisa. Hakuna sindano hata moja, koni ndogo tu, vile vikasha vya mbegu, zimeng'ang'ania matawi. Papa Ilunga alisali kama kawaida yake, akapanda, akakata tawi la kwanza. Lilianguka karibu na miguu yangu, nikaliokota nilivunje lisitufungie njia.

Halikuvunjika.

Lilipinda tu, kama fimbo mbichi. Nikalikwaruza kwa kucha, na chini ya gome kulikuwa na kijani, kijani chenye maji, na harufu ya utomvu ikanijaa puani. Ndipo nikaviona vifundo vidogo vimejipanga tawi zima, kila kimoja kimekunja ngumi. Huko juu chenso ilikuwa inanguruma, na kwetu ishara ya kusimamisha kazi ni kuvuta kamba. Niliivuta kama navuta ng'ombe mkaidi.

“Mama Zuhura, unavuta juu ya nini? Unapenda nianguke?”

“Shuka, Papa. Uko hai!”

“Nani iko hai?”

Themba hakufurahi, na simlaumu. Watoto wake wanalala chini ya mti ule, na mtu aliyemwambia umekufa ndiye huyo huyo sasa anamwambia uko hai. Alisema atangoja mpaka miti ya majirani ichipue. Ikichipua yote na huu bado, ataleta wakataji wengine. Wiki iliyopita akanitumia ujumbe kwamba miti ya majirani imechipua yote na hao wengine wanakuja Jumatatu. Yaani kesho.

Binti yangu Zuhura, ambaye namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, ndiye aliyepiga picha lile tawi akatafuta kwenye simu. Mti unaitwa larch. Sijapata jina lake la Kiswahili, kwa hiyo nimeupa mwenyewe: mlachi. Asili yake ni nchi za baridi kali, na ni katika miti michache sana ya koni inayovua sindano zake zote kila mwaka. Msindano wa kwetu hutoa sindano mbili tatu pamoja, ngumu. Mlachi hutoa fungu zima la sindano laini kwenye kila kifundo, na koni zake husimama wima, hubaki matawini hata baada ya mbegu kutoka. Mbao zake ni nzito, zimejaa utomvu, haziozi upesi, ndiyo maana huko kwao wanajengea kuta za nje, mashua, na nguzo za kuchimbia kwenye udongo wenye maji. Utomvu wenyewe unatoa tapentaini, ile ya kuzimulia rangi. Nilisoma yote hayo, nikayaamini, na bado sikulala vizuri wiki hii. Je, kama ulikuwa hai Julai na umekufa baadaye?

Leo nimeingia getini nikiangalia chini. Nilikuwa naogopa kuinua uso.

Nikainua.

Kijani! Kijani cha mchicha unaochomoza, mti mzima, mpaka kileleni. Kila kifundo kimefunguka kikatoa brashi ndogo ya sindano. Nilizigusa, laini kama nywele za mtoto mchanga. Na katikati yake kulikuwa na vikoni vipya vya pinki, vimesimama wima. Miaka yote hii kwenye miti, sikujua koni inaweza kuanza maisha na rangi ya namna hiyo. Nikasema Subhanallah, nikarudia, nikarudia. Themba alitoka na mwanawe mabegani, akasimama kando yangu, naye akaangalia juu. “Eish, Mama,” akasema, “kumbe ulikuwa umelala.” Akatoa simu pale pale akawaambia watu wa kesho wasije.

Mimi nililia, bila hata kujificha.

Ila si furaha peke yake niliyorudi nayo. Papa Ilunga alianza na tawi kwa sababu paa lilikuwa karibu. Mti ungekuwa umesimama peke yake uwanjani, tungeukata shinani mara moja, kama tulivyozoea. Ubichi wa shina usingenishtua, maana mti mkubwa hukaa na maji ndani muda mrefu hata ukishakufa. Ningepita pale leo, nikaona kisiki kimekatwa sawasawa, na ningejisifu kwa kazi safi.