Goli la Ugenini ni Mawili

Jumatano, 11 Machi

Nimeamka. Mgongo unauma upande wa kushoto. Mbuzi wameingia tena shamba la jirani, nimejifanya sijaona. Chai kwa Mama Kabula. Stuli yangu pale karibu na jiko.

Jana usiku chama letu la Ulaya limeshinda ugenini, mbili moja, huko Ujerumani. Nilisikiliza redioni mpaka mwisho. Asubuhi nikafungua mechi. Ndiyo desturi ya kijiwe chetu, miaka sita sasa: baada ya mechi mimi nasimulia kwanza, wazee wenzangu wanakunywa chai na kunyamaza. Nikaeleza magoli. Nikaeleza na vitu ambavyo redio haikusema, maana redio ina haraka. Nikafunga kwa sheria: goli la ugenini ni mawili. Kwa hiyo tumeshinda kama nne moja. Wazee wakafurahi sana.

Ndipo Mwalimu Mabula akakohoa. Huyu ni mstaafu, kahamia hapa Bariadi kutoka Mwandoya mwezi wa kwanza. Mwanawe kamjengea nyumba, kamtundikia na televisheni ukutani, kubwa kama mlango wa zizi. Akasema kwa upole kwamba tumeshinda ila tumecheza vibaya. Viungo walipotea. Beki wa kulia alikuwa njia ya ng'ombe, kila mmoja anapita. Kipa ndiye aliyetuokoa. Na ile sheria ya ugenini, akasema, ilishafutwa miaka kadhaa iliyopita.

Nikamwambia sheria si ubao wa darasani, haifutwi kwa kitambaa.

Wakacheka. Lakini wakamgeukia yeye. Kocha alikasirika? Beki alitolewa? Yeye kaona. Mimi nimesikia tu. Mama Kabula naye kaacha chapati ikaungua ili asikie habari za kocha. Kwa ajili yangu hajawahi kuunguza hata moja.

Nina wivu. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Alhamisi, 12 Machi

Bado wanabishana mechi ileile. Nusu wanasema ushindi ni ushindi. Nusu wanasema kwa mchezo ule, marudiano tutalia. Hawa wa pili juzi hawakuwa na maoni yoyote. Wameazima ya mwalimu.

Mzee Jilala, ambaye mwanawe anauza samaki Lamadi na yeye mwenyewe anauza fitina, akaleta shauri. Tufanye kama ngoma zetu za Kisukuma. Wagika upande huu, wagalu upande ule, kila kundi linacheza kwake, na aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Basi asubuhi baada ya marudiano mimi nikae benchi la kulia, mwalimu benchi la kushoto. Kila mtu asimulie mechi. Atakayejaza benchi ndiye msemaji wa kijiwe kuanzia siku hiyo, na mwingine atakunywa chai na kunyamaza.

Nimekubali haraka. Mwalimu kakubali polepole, kama mtu anayepewa habari ya msiba. Hilo ndilo lililoniudhi. Kitu ninachokililia, yeye hana hata hamu nacho.

Jumamosi, 14 Machi

Nimepiga dawa pamba. Pampu inavuja, nimenuka dawa mpaka kijiweni. Mama Kabula kaniomba nisogee kidogo. Mwalimu ananukia sabuni. Mwanaume mzima.

Wacheza ngoma wa zamani walikwenda kwa mganga kutafuta dawa ya kuvuta watu. Nimewaza. Mganga atataka kuku mweusi, na kuku wangu mweusi ndiye pekee anayetaga. Nimeahirisha.

Jumatatu, 16 Machi

Mwalimu kavaa jezi. Mpya, imetoka Mwanza. Yangu ina jina la mchezaji aliyestaafu zamani, siku hizi ana kitambi kunizidi. Mama Kabula kasema jezi ya mwalimu imemkaa. Imemkaa wapi? Mtu ana miaka sabini na moja.

Nikamwambia mwalimu arudishe nguo ya mjukuu, mtoto asije akashinda uchi. Akacheka kuliko wote. Akaniita ngosha, kama mtu na rafiki yake, akanikaribisha kwake kesho tuangalie marudiano pamoja. Nikasema nina shughuli. Shughuli gani saa tano ya usiku? Hakuuliza. Angeuliza ningepata sababu ya kumchukia vizuri.

Jumatano, 18 Machi

Naandika yote, hata yanayoniuma.

Jana nilisikiliza redio kitandani. Tumefungwa nyumbani, moja bila. Dakika tisini zikaisha. Nikapiga hesabu: mbili kwa mbili, lakini zetu mbili ni za ugenini. Tumevuka. Nikazima redio ili betri isife. Nikalala kama mtoto.

Alfajiri nikawahi kijiweni na karanga za kukaanga, bakuli zima. Dawa ya kuvuta watu bila mganga. Benchi la kulia likajaa, wawili wakasimama. Nikafungua mechi. Vijana wamefungwa lakini wamevuka kwa goli la ugenini, ile sheria ambayo mwalimu alitaka kuifuta. Nikaeleza filimbi ya mwisho ilivyolia dakika ya tisini, wageni wakalala chini wanalia, kocha wao akavua koti akajifunika uso. Wazee wakapiga makofi.

Mwalimu akafika. Akasalimia, ng'wangaluka, ng'wangaluka. Akakaa benchi la kushoto peke yake. Jilala akamwambia zamu yake imefika.

Mwalimu akanitazama kidogo. "Mimi nilisinzia mapema," akasema. "Mzee Masanja ameshasema yote."

Nimeshinda. Mama Kabula kaniongezea sukari bila kuombwa. Nilikaa pale naona benchi zima ni langu.

Kisha simu ya Jilala ikalia. Mwanawe, kutoka Lamadi. Jilala masikio yamechoka, simu yake huongea kwa kijiwe kizima.

"Baba, mmeziona zile penati? Kipa wetu kadaka mbili. Mimi nilikuwa nimefunika macho."

Kumbe baada ya dakika tisini waliongeza thelathini, zikaisha, ndipo penati. Tumevuka kweli, ila si kwa njia yangu. Sheria ilifutwa, redio yangu ilizimwa, na mimi nilikuwa nakoroma.

Mama Kabula akauliza, sasa wale wageni waliolala chini dakika ya tisini walikuwa wanalilia nini. Watu wakacheka mpaka karanga zangu zikawapalia.

Kicheko hakikuniuma. Angekuwa mwingine ningecheka zaidi yao. Kilichoniuma ni macho ya mwalimu. Mekundu kama ya mvuvi. Aliyesinzia mapema hana macho yale. Aliona yote mpaka penati ya mwisho, akaninyamazia mbele za watu.

Hata kwenye wema kaniwahi.

Alhamisi, 19 Machi

Sikwenda kijiweni. Nimekunywa chai ya nyumbani, mbaya sana, nimeipika mwenyewe. Jilala kapita. Anasema watu wote wamehamia benchi la kushoto, lakini mwalimu amekataa kuwa msemaji. Kasema kijiwe kina mwenyewe.

Nimekasirika mpaka jioni. Nimeshindwa kupata la kumkasirikia.

Jumapili, 22 Machi

Nimekwenda kwa mwalimu. Nilitoka na sababu tatu kichwani, mlangoni zote zikapotea. Nikasema nimepita tu. Akasema karibu, mechi ya ligi inaanza.

Sebuleni viti sita. Vitano bado vina nailoni ya dukani. Sikujua kwamba anaishi peke yake. Mkewe alimzika Mwandoya mwaka juzi, mwanawe hupiga simu Jumapili. Akaniletea michembe ya viazi na chai.

Nikamwambia, "Ulinidanganyia watu." Akasema, "Ile ya kocha na koti ilikuwa nzuri. Sikutaka kuiharibu."

Basi. Tukageukia mechi. Televisheni ni nzuri kweli, unaona mpaka jasho. Nimeionea wivu nikiitazama.

Dakika ya thelathini mwalimu kalala. Kweli safari hii. Analala mdomo umefungwa, mikono mapajani, kama bwana harusi anayepigwa picha. Mimi huwa naachama, marehemu mke wangu alilalamika miaka arobaini. Hata usingizi wake ni mzuri kuliko wangu.

Chama letu likafunga dakika ya sabini. Kichwa, kutoka kona. Sikumwamsha. Nilitafuta kitufe cha sauti kwenye rimoti, nikakosea viwili, nikakipata, nikapunguza.

Kesho asubuhi nitapitia kwake kabla ya chai. Nitamsimulia goli tukiwa njiani, ili tukifika kijiweni afungue mechi yeye. Nitamwongezea na mambo mawili matatu ya kwangu. Asipoyasema, shauri yake.