Babu Yako Alipopambana na Pande la Mtu

Mjukuu wangu Neema,

Salamu nyingi kutoka Heru Juu. Maharage tumeshavuna, na babu yako ameruhusiwa hospitali kule Kibondo. Jana alikula ugali mwenyewe, tena akalalamika kwamba mboga haina chumvi, nikajua sasa amepona.

Umeniuliza, baada ya kumwona kwenye simu yule mwanamieleka jitu wa India, kama ni kweli babu yako aliwahi kupambana na mtu wa namna hiyo. Ni kweli. Tulikuwa wachumba. Mwanamieleka wa Kihindi, mrefu kupita mlango wa duka, alikuja Kasulu kuonyesha nguvu zake uwanjani. Akaitisha mtu wa kushindana naye, na babu yako, kwa kuwa nilikuwa natazama, akavua shati.

Yule bwana akamnyanyua juu ya kichwa. Nikafumba macho nikisubiri kishindo, lakini hakikuja. Nilipofumbua, babu yako alikuwa amekaa kwenye nyasi, na yule bwana amechuchumaa anampangusa vumbi mgongoni.

Nikaangua kilio. Yule bwana akanitazama, akasema neno kwa lugha yao, na Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa pale mjini akanitafsiria: “Anasema usilie, dada. Hata yeye akiingia ulingoni, mama yake huko kwao hali chakula mpaka asikie mwanawe yuko salama.”

Mpaka siku ile sikuwahi kuwaza kwamba hata mtu mkubwa vile kuna anayehofia asije akaumia.

Nakuombea masomo mema,
Bibi yako